Simu Inasema Goti Limepona

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho wa barua, kwa sababu mke wangu ameshacheka kwa niaba ya watu wote wa nyumba hii.

Mimi ni fundi cherehani, wa cherehani ya kukanyaga, si hizi za umeme ambazo umeme ukikatika na fundi naye anakatika, na kwa miaka thelathini na moja nimekanyaga kwa mguu wa kulia mpaka goti likaanza kulia kama mlango mkavu, na madaktari bingwa wa mifupa walipokuja hospitali yetu kwa wiki moja nikaandikishwa, nikapasuliwa, nikawekewa goti la bandia, na nilipozinduka nikageuza shingo nikamkuta kitanda cha pili amelala kinyozi, ambaye duka lake na langu vinatenganishwa na ukuta wa mbao, yaani mtu ambaye kelele zake nimezivumilia miaka yote ndiye huyo naye kafungwa bendeji goti kama langu, ananiambia, "Karibu, jirani, hapa hakuna ukuta."

Siku ya kutoka muuguzi alichukua simu yangu akaniwekea programu, akasema, "Baba, hii ndiyo itakayokulea nyumbani." Kila asubuhi na jioni inaniuliza maumivu ni mangapi, kuanzia sifuri mpaka kumi, halafu najifunga simu kwenye muundi kwa mkanda wa kitambaa, nakunja goti na kulinyoosha, simu inahesabu, na namba zote zinakwenda kwa muuguzi, naye kwa namba hizo ndipo anapoamua dawa ya maumivu iongezwe au ipunguzwe.

Mshauri, sikuipenda tangu mwanzo. Kupima watu ni kazi yangu mimi. Mteja anayevuta tumbo ninapomzungushia futi namjua kabla hajavuta, namwacha avute, nakata kitambaa kwa kipimo chake cha uongo, na akirudi suruali haifungi namwambia, "Kaka, nimeshona tumbo ulilonionyesha." Leo simu ya mkononi ndiyo inipime mimi? Na hiyo sauti yake, sauti ya mwanamke aliyeshiba usingizi, ukikunja mara kumi inasema, "Hongera, shujaa!" na mke wangu huko jikoni anaitikia, "Shujaa, ukimaliza nirudishie sahani."

Siku za kwanza niliandika ukweli. Nane. Tisa. Goti lilikuwa linawaka, kukunja mara tano tu jasho limefika kwenye nyusi, na muuguzi akipiga simu hana pole ndefu, anauliza, "Baba, ulimeza dawa nusu saa kabla ya mazoezi kama nilivyokuelekeza, au ulisubiri uumie kwanza?" Nikaona binti huyu ananichukulia mtoto. Na juu ya hayo programu ina orodha, sisi sita tuliopasuliwa wiki ile tumepangwa kwa majina ya kujipachika, mimi niliandika Mkasi, kinyozi akaandika Wembe, na kila jioni inaonyesha nani kakunja mara ngapi, na Wembe ndiye wa kwanza, mimi wa sita, wa sita kati ya sita, mshauri, halafu anagonga mbao, "Fundi! Leo themanini! Wewe bado unahesabu vifungo?"

Sasa kitanda changu kilihamishiwa chumba cha mbele, ambacho ndicho duka langu, kwa sababu mlango wa chumbani ni mwembamba na fremu ya kutembelea haipiti, kwa hiyo nalala ubavuni mwa cherehani, na siku moja nilipomaliza mazoezi yangu (mara nne, nikaacha) nikafungua ule mkanda pamoja na simu yake nikaufunga kwenye pedali, pale palipokuwa karibu na mkono, bila nia yoyote mbaya, mke wangu akaja akakaa kumalizia sare za wanafunzi nilizoziacha zimekatwa, akaanza kukanyaga, na huko chini sauti ikaanza, "Hongera, shujaa! Hongera, shujaa! Hongera, shujaa!" Tukatazamana. Naapa, mshauri, yeye ndiye aliyetaka kuifungua, mimi nikamwambia, "Hebu iache kidogo."

Siku ile zilifika elfu nne na programu ikaandika kwamba kuna hitilafu, nijifunge upya. Kesho yake nikamwomba mke wangu akanyage polepole, kwa mwendo wa goti. Akaniuliza, "Mzee wangu, nishone au nikufanyie mazoezi?" Nikamwambia vyote. Upindo wa suruali moja ukala asubuhi nzima, lakini jioni nilikuwa na mia tatu na arobaini na nilikuwa wa kwanza. Ukuta ukanyamaza. Siku zilizofuata nikawa namsikia kinyozi nyuma ya mbao anahema kama anayesukuma gari, nikasema moyoni, hema.

Na kwa kuwa mtu anayekunja mara mia tatu na arobaini hawezi kuandika tisa, nikaandika tatu, halafu mbili, halafu moja, simu ikafurahi, muuguzi akafurahi, akanipunguzia dawa mara mbili, na wiki iliyopita akaniambia ile kali niache kabisa, nibaki na ya kawaida ya kichwa.

Leo ni wiki ya tano na goti halikunjiki. Nikikaa kwenye kiti mguu unasimama mbele yangu kama ubao wa kupigia pasi. Maumivu ni nane ile ile, kwa hiyo nameza vidonge alivyosahau mama mkwe alipokuja kututembelea, ni vya mgongo lakini nadhani maumivu ni maumivu, viwili asubuhi, viwili jioni, mke wangu hajui, na sasa tumbo nalo linaniwaka. Juzi mke wangu alipokwenda dukani nilijikokota nikakaa kwenye cherehani nikaweka mguu. Pedali ilishuka, mguu haukushuka. Nilikaa pale mpaka niliposikia viatu vyake mlangoni, nikarudi kitandani nikajifanya nasinzia. Mshauri, kazi nyingine sijui. Nikishindwa kukanyaga, mimi ni mtu wa kukaa mlangoni na kuhesabu wapita njia.

Na Alhamisi ndiyo kliniki. Muuguzi kanipigia kwa furaha, anasema daktari aliyenipasua atakuja na ataniita mbele ya wagonjwa wapya wanaosubiri kupasuliwa, niwaonyeshe ninavyokunja, eti mimi ndiye mfano. Afadhali kinyozi hatakuwepo kunicheka, maana amefunga duka siku ya nne leo, wanasema goti limevimba na mshono umeachia kidogo, lakini hayo ni yake.

Nishauri, niseme nina homa siku hiyo? Au kuna namna ya kumweleza daktari kwamba goti lilikuwa zima na limegoma ghafla juzi? Mke wangu anasema niseme ukweli, lakini nikiusema si naye ataonekana mwongo, maana yeye ndiye aliyekanyaga? Naomba unijibu kabla ya Alhamisi, na mtaa usiutaje.

Wako,
Mkasi

*

Fundi,

Barua yako imefika Jumatatu, nami nimeipitisha mbele ya dada mmoja anayetaka kujua kama mchumba wake ni mjinga au anajifanya. Dada atanisamehe. Mchumba wake atakuwa vile vile hata wiki ijayo, ila goti lako halina wiki ijayo ya kuchezea.

Uliomba nisicheke. Nimejitahidi. Nilishindwa mahali pamoja tu, kwenye elfu nne.

Tuanze na homa yako ya Alhamisi, tuitupe. Homa hiyo itakusogeza mpaka Alhamisi nyingine ukiwa na goti gumu zaidi na homa ya pili ya kutunga. Na ile hadithi ya goti lililokuwa zima likagoma juzi, isimulie pasi yako. Daktari wa mifupa hasikilizi goti kwa masikio. Atakushika mguu kwa mikono miwili, na kwa muda unaotumia wewe kufunga kifungo kimoja atajua kwamba goti hili halijakunjwa tangu litoke kwake. Utakuwa umemdanganya mtu ambaye tayari amekushika mguu. Hata mwizi huchagua wakati mzuri zaidi ya huo.

Mimi si daktari. Ninayoyajua kuhusu magoti nimeyapata kwenye mabenchi ya kliniki, nikisubiri ndugu zangu watoke. Lakini ukikaa sana kwenye benchi lile unaona mambo. Nimeona wanaoingia wakilia na kutoka wakitembea. Nimeona pia wanaoingia wakipiga soga, goti halijaguswa wiki nzima, halafu wanarudishwa ndani kulazwa usingizi ili goti likunjwe kwa nguvu, kwa sababu kovu la ndani limeshashika kama gundi. Sikuambii haya kukupa moyo. Nakutisha, na ninakusudia.

Sasa chukua futi yako. Umeniandikia kwa raha sana juu ya mteja anayevuta tumbo, unavyomjua, unavyomwacha, unavyomcheka suruali ikigoma. Fundi, aliyevuta tumbo wiki hizi zote ni wewe. Umesimama mbele ya muuguzi, umebana pumzi, ukasema moja. Binti wa watu akakata kwa kipimo ulichompa, na leo dawa haifungi. Tofauti yenu ni ndogo tu. Wewe mteja wako unamjua na unanyamaza, yeye hakujua. Mtu mwenye adabu ya kazi hapo ni mmoja, na hana cherehani.

Usidhani naitetea hiyo programu. Chombo kinachomwita shujaa mtu aliyekunja mguu mara kumi kina njaa ya mashujaa. Na yule aliyekaa ofisini kwake, magoti yote mawili mazima, akaona watu sita wenye mshono mbichi wapangwe wa kwanza mpaka wa sita kama wanafunzi wa darasa la pili, huyo ningependa afungwe yeye kwenye pedali na mkeo amalizie sare. Lakini namba ya maumivu ni jambo jingine, na hapo ndipo ulipojikata mwenyewe. Tisa haikuwa alama ya kufeli. Tisa ilikuwa sauti yako ikimfikia mtu mwenye ufunguo wa kabati la dawa. Siku zile ulizoandika nane na tisa ndizo siku pekee ulizoitumia simu kama mtu mzima. Baada ya hapo ukaanza kujipa maksi.

Na yule muuguzi uliyemwona anakudharau, soma tena alichokuuliza. Ulimeza nusu saa kabla, au ulisubiri uumie? Matibabu yako yote yamo ndani ya swali hilo moja. Unameza kwanza, dawa inashika, ndipo unakunja. Wewe ulikuwa unakunja kwanza, unaumia, unaacha kwenye nne, halafu unameza ili ulale. Alikupa funguo za mlango, ukanuna kwa sababu hakukupa na kiti.

Vidonge vya mama mkwe. Mwanamke ambaye mbele yake hata kukohoa unaomba ruhusa, dawa zake unazimeza bila hodi! Maumivu si maumivu, Fundi. Ungekuwa unaamini hivyo, ungeshona sare kwa uzi wa viatu. Leo usimeze hata kimoja. Soma jina lililoandikwa kwenye pakiti, hesabu ulivyomeza, umwambie muuguzi vyote, pamoja na hilo tumbo linalowaka. Na ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, Alhamisi isubiriwe na wengine, wewe nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa tufike pale ulipopita mbio. Barua ndefu namna hii, sahani imepata nafasi yake, pasi imepata, pedali imepata, na jirani yako amepata kipande cha sentensi chenye mkia wa "hayo ni yake." Nimesoma mara tatu na mara zote jicho langu linakwama hapo hapo. Mtu alikuwa na themanini zake za halali, na kelele zake, na furaha yake ya kijinga ya kugonga mbao. Jioni moja akafungua simu akakuta jirani yake, wa kitanda cha pili, goti lililopasuliwa wiki moja na lake, ana mia tatu na arobaini. Akajiona mvivu. Akaanza kusukuma. Ulimsikia anahema, ukasema moyoni ulichosema. Fundi, yule mzee wa watu alikuwa anashindana na cherehani, na mtu mmoja tu upande wa pili wa ukuta alikuwa anajua. Mshono wake ulioachia si wake peke yake. Wewe ni fundi, mshono ukiachia unajua kuuliza nani aliuvuta.

Basi sikiliza, na usiongeze nakshi zako.

Ukimaliza kusoma hapa, fungua simu kwenye pedali. Mpigie muuguzi leo, si kesho, na umwambie maneno haya kama yalivyo: "Binti, zile namba ni za cherehani. Maumivu ni nane. Goti halikunjiki. Nimemeza vidonge vya mtu mwingine." Halafu nyamaza umsikilize. Akikugombeza, gombezwa. Wiki ya tano ni kuchelewa, lakini watu wa benchi langu waliochelewa hivyo na wakasema mapema nimewaona wakisaidiwa. Huenda akakuita kabla ya Alhamisi. Akikuita, nenda na mguu huo huo kama ubao, usijaribu kuulainisha njiani ili upate sura.

Kuanzia hapo, simu irudi kwenye muundi wako, na uandike namba inayouma, hata iwe kumi. Ile orodha ya wa kwanza na wa sita mwombe muuguzi aifute, na kama haifutiki, usiifungue. Kunja mara ulizoambiwa, dawa ikiwa imeshashika, hata zikiwa sita. Sita za goti ni nyingi kuliko elfu nne za chuma.

Na Alhamisi, wakikusimamisha mbele ya wale wapya, usikimbie. Waonyeshe mguu usiokunjika na uwaeleze habari ya pedali kuanzia mwanzo. Walitafuta mfano. Wamepata mzuri kuliko waliokusudia.

Kabla ya hapo, leo hii, toka na fremu yako uende kwa kinyozi. Usiseme naye kupitia ukutani. Kaa mbele yake umwambie zile mia tatu na arobaini zilitoka wapi. Atacheka, atawaambia wateja, na kila kichwa kitakachopita kwenye kiti chake kitatoka kimenyolewa na kimejua. Utaisikia nyuma ya mbao miaka mingi. Vumilia. Mtu aliyevimba goti kwa ajili yako ana haki ya kukucheka mpaka achoke. Na mshono wake ukipona, kunjeni pamoja, kila mmoja amhesabie mwenzake kwa mdomo. Wembe hatakuongezea hata moja, namjua kwa kumsoma tu.

Limebaki la mkeo. Unaogopa ataonekana mwongo. Umemkumbuka ghafla! Yeye ndiye aliyetaka kuifungua simu siku ya kwanza, ukamzuia. Yeye ndiye anayekuambia leo sema ukweli, na bado umekuja kuniuliza mimi, mtu usiyemjua, kama kuna jibu jingine. Mwanamke huyu amemaliza sare zako, amepika, amekanyaga kwa mwendo wa goti la mtu mwingine mpaka upindo mmoja ukala asubuhi, na katikati ya yote hayo alichoomba ni sahani irudi jikoni. Simu yako haikudanganya hata mara moja, Fundi. Ilisema hongera kwa mguu uliokuwa unafanya kazi. Hongera zote zile zilikuwa za mkeo, wewe ulizipokea tu kwa kuwa ulikuwa umelala karibu.

Mpe, kwa mdomo wako, leo. Halafu chukua sindano ya mkono, hiyo haihitaji goti, ushone mfuko wa kutundika mbele ya fremu yako, wenye upana wa sahani moja. Tia sahani humo, uirudishe jikoni mwenyewe.